Mtandao upi huo usiokuwepo?

Simu iliita saa mbili na nusu asubuhi, katika zile wiki ambazo wazazi hupanga foleni steshenari kuchapisha fomu za kujiunga za watoto waliochaguliwa kwenda kidato cha tano. "Fundi, mtandao hakuna. Wahi." Steshenari yenyewe iko Kanyenye, hapa Tabora: chumba kimoja, kompyuta tatu, printa moja, na feni ya darini inayolalamika kuliko wateja. Kompyuta zote tatu nilizihamishia Linux, mfumo endeshi wa bure, mwenyewe. Ni za zamani, na Windows ya sasa ilikuwa inazichosha mpaka mteja anamaliza soda kabla ukurasa haujafunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Foleni unaiona."

Foleni niliiona. Niliona pia kijana wake wa kazi ameegemea kaunta, anatazama magoli kwenye simu, na video haikwami hata kidogo. Nikamuuliza anatumia bando lake au waifai ya hapa. "Ya hapa, kaka." Nikasogea kwenye kompyuta ya kwanza: tovuti inafunguka, fomu ya mteja imeshapakuliwa, iko kwenye kioo. Ila ukiituma kwenye printa, haitoki. Ile ya tatu, ya pale dirishani, haikufungua tovuti hata moja.

Sasa mtandao ambao hakuna ni upi?

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo, maana neno "mtandao" tumelibebesha mizigo ya watu wanne. Ukiulizwa "unatumia mtandao gani?" unataja kampuni ya simu. Ukisema "huku mtandao haushiki" unalaumu mnara. Ukisema "nimeiona mtandaoni" unamaanisha intaneti. Na zile nyaya zinazounganisha kompyuta tatu na printa ndani ya chumba kimoja nazo ni mtandao, mtandao wa ndani, ambao unaweza kufanya kazi vizuri kabisa hata kama bando liliisha juzi, na unaweza kufa huku intaneti inapita kama kawaida. Kutoka kompyuta ya kwanza hadi printa ni hatua tatu. Karatasi haihitaji kupitia Dar es Salaam wala Ulaya ili itoke. Mteja anayesema "mtandao hakuna" hajakudanganya, ila hajakwambia kitu.

Na kwa kuwa hatujui ni upi, dawa yetu ni moja: zima vyote, washa vyote. Sina ugomvi na kuzima na kuwasha, hata mimi nafanya. Lakini ukizima rauta, swichi (kile kisanduku cha matundu kinachokutanisha nyaya za mtandao), printa na kompyuta kwa mpigo, umefuta nyayo kabla mpelelezi hajafika. Kikifanya kazi hujui kilichokuwa kimeharibika, na kesho kikirudi utaanza upya. Linux ina tabia moja nzuri: ukiiuliza swali dogo inajibu hilo hilo, bila kukuzungusha. Kinachotakiwa ni kuuliza kwa mpangilio, kuanzia kwenye waya kupanda juu, na kutopanda ngazi ya pili kabla ya kuikanyaga ya kwanza.

Anza na waya

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

`ip link`

Utaona orodha fupi ya kadi za mtandao. Ya kwanza huitwa `lo`, hiyo ni kompyuta kujisemesha yenyewe, iache. Inayofuata itakuwa na jina kama `enp2s0` ikiwa ni ya waya, au `wlp3s0` ikiwa ya waifai. Majina haya yanatisha bure. `en` ni Etheneti, `wl` ni isiyo na waya, na namba zinazofuata zinaeleza kadi imechomekwa sehemu gani ya ubao mama. Zamani ilikuwa `eth0` na `eth1` tu. Mpangilio mpya uliingia na systemd, programu inayoamsha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi, toleo la 197 mwaka 2013, kwa sababu kadi zikiwa mbili zilikuwa zinaweza kubadilishana majina kompyuta ikiwashwa upya. Kwa hiyo ukikuta mwongozo wa zamani unaokutaka uandike `ifconfig eth0`, ujue umepitwa: mara nyingi amri hiyo hata haimo kwenye kompyuta siku hizi.

Tukirudi kwenye orodha, tafuta mabano yenye maneno makubwa. Ukiona hivi:

`2: enp2s0: <NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP> ... state DOWN`

usidanganywe na hilo neno UP lililo ndani. Maana yake kadi imeruhusiwa kufanya kazi, basi. Neno lenye uzito ni NO-CARRIER: upande wa pili wa waya hakusikiki mtu. Hali nzuri huonyesha LOWER_UP, yaani umeme wa upande wa pili unafika.

Hapo usiguse mpangilio wowote wa kompyuta. Inuka, shika waya. Kisa ninachokutana nacho kuliko vyote ni kile kikucha kidogo cha plastiki kwenye kichwa cha kebo, kinacholia "ka" ukichomeka. Kikivunjika, kichwa kinaingia na kinakaa, kila mtu anaona waya umechomekwa, lakini asubuhi mtu akipitisha ufagio chini ya meza kinarudi nyuma milimita mbili na mawasiliano yanakatika. Niliwahi kuitwa sehemu moja siku tatu mfululizo, kila siku saa tatu kasoro, mpaka nikaja kumwona dada wa usafi akifanya kazi yake. Halafu kuna panya. Panya hukata uzi mmoja tu kati ya nane na kukuachia waya unaoonekana mzima.

Uzi mmoja ukikatika, mambo yanakuwa ya ajabu kidogo. Spidi ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji nyuzi nne tu kati ya zile nane: ya 1, 2, 3 na 6. Spidi ya megabiti 1000 inazitaka zote nane. Kwa hiyo panya akila uzi wa kahawia, kadi na swichi mara nyingi zitaangukia kwenye 100 na kuendelea na kazi kama walemavu wasiolalamika. Utasikia "mtandao mzito". Amri hii inafichua (`sudo` ni kuomba ruhusa ya msimamizi):

`sudo ethtool enp2s0`

Tazama mstari wa Speed. Ikiwa kadi na swichi vyote ni vya 1000 na hapo pameandikwa 100Mb/s, usilaumu kampuni ya intaneti, kata vichwa vya kebo na uvifunge upya. Mpangilio wa rangi unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wanaoanza hukosea palepale katikati, wanaweka kijani kando ya nyeupe-kijani kwa kuwa inapendeza macho. Haitakiwi kupendeza. Uzi wa 3 na wa 6 ni jozi moja, na lazima wasukwe pamoja hata kama kwenye kichwa hawakai jirani.

Msimu wa mvua ukiingia, kuanzia Novemba, ongeza radi kwenye orodha ya watuhumiwa. Radi haihitaji kukupiga. Ikipiga karibu, waya mrefu uliotoka jengo moja kwenda jingine unabeba mshtuko unaotosha kuua tundu moja la swichi na kuyaacha mengine saba yakiwa mazima. Ndiyo maana kabla ya kuitupa swichi, hamisha waya kwenye tundu jingine utazame taa. Taa zote zikiwaka na kuzima kwa pamoja, haraka haraka kama za sherehe, tatizo ni jingine: kuna mtu kakuta ncha ya waya inaning'inia akaichomeka kwenye swichi ileile ilikotoka. Ujumbe unazunguka humo bila kutoka na kila kitu kinalala. Chomoa ncha moja.

Waifai nitaipitia haraka. Andika `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", `rfkill unblock wifi` inamaliza, ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ndogo ubavuni mwa laptopu au kitufe chenye picha ya mnara. Ikiwa kadi yenyewe haionekani kabisa kwenye `ip link`, kinachokosekana kwa kawaida ni draiva au ile programu ndogo ya ndani ya kadi, na `sudo dmesg | grep -i firmware` itakutajia jina la faili linalotafutwa. Debian, moja ya aina za Linux, walikuwa wakiziacha nje faili hizo kwa sababu za leseni. Kuanzia toleo la 12, Juni 2023, zinakuja ndani ya diski ya kusakinishia, na machozi mengi yamekauka.

Anwani, na nani anayeigawa

Waya ukiwa mzima, swali la pili: kompyuta imepewa anwani, ile namba ya IP inayoitambulisha?

`ip -4 addr`

Kwenye mtandao wa ndani utategemea kuona kitu kama `inet 192.168.1.23/24`. Anwani zinazoanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, ndiyo maana rauta ya kwako na ya jirani zinaweza kuwa na anwani ileile bila kugombana. Usipouona kabisa mstari wa inet, kompyuta iliomba ikakosa. Baadhi ya Linux, na Windows pia, zikikosa hujipachika anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ichukulie kama mtu aliyefika mjini usiku, akakosa mwenyeji, akajilaza kwenye benchi.

Mgawaji huitwa DHCP, na karibu kila rauta inaye ndani yake. Fikiria mapokezi ya gesti. Kompyuta ikiwashwa haimjui mtu, kwa hiyo inapaza sauti chumba kizima: "Hodi, nani anagawa vyumba hapa?" Mgawaji anajibu na chumba, muda wa kukaa, na maelezo mawili ya ziada: mlango wa kutokea nje ni upi, na ukitaka kujua majina ya watu umuulize nani. Kompyuta humkubali anayejibu kwanza. Haiombi kitambulisho. Kishike hicho kipengele, tutakirudia kwa mama wa Kanyenye.

Kuiambia kompyuta iombe upya bila kuizima:

`nmcli device disconnect enp2s0`
`nmcli device connect enp2s0`

Ikikosa tena na waya ni mzima, mwenye kasoro ni mgawaji. Unaweza kujipangia anwani kwa mkono ili kupima, ila usiichukue tu yoyote. Vifaa viwili vyenye anwani moja ni ugonjwa mbaya kwa sababu hauui, unasumbua: printa inachapa kurasa mbili, inapotea, inarudi.

Mjini na stesheni

Ile /24 mwishoni mwa anwani watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kompyuta inamtazamaje kila mtu. Tabora tuna bahati ya kuwa na mfano mlangoni. Mtu wa Isevya akitaka kwenda Gongoni hapandi treni; anatembea au anachukua bodaboda. Akitaka Kigoma au Mwanza anakwenda stesheni, wala hana haja ya kuijua njia nzima. Anachohitaji ni kujua stesheni iko wapi, mengine wanajua wenye reli. Kompyuta nayo, kabla ya kutuma chochote, inajiuliza: huyu ninayemtafuta ni wa mjini au wa nje? Alama ya /24 ndiyo mpaka wa mji: inasema namba tatu za mwanzo zikifanana, huyo ni wa mjini, mfuate mwenyewe. Zinabaki nafasi 254 za wakazi. Zisipofanana, ni wa nje, mpeleke kwenye lango, na lango kwa kawaida ni rauta.

Kwa hiyo 192.168.1.23 na 192.168.1.50 ni wa mji mmoja. 192.168.1.23 na 192.168.0.102 si wa mji mmoja, hata kama vifaa vyao vimekaa juu ya meza moja na nyaya zao zinaingia kwenye swichi moja.

Mpangilio huo unaonekana hapa:

`ip route`

Mstari unaoanza na `default via 192.168.1.1` ndio unaotaja stesheni. Usipokuwepo, utawafikia majirani lakini hutatoka nje ya mji. Ikiwepo miwili, mmoja wa waya na mmoja wa waifai, Linux inachagua wenye namba ndogo ya metric, yaani namba ya kipaumbele. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux nyingi, huupa waya 100 na waifai 600. Ndiyo maana ukichomeka waya usioelekea popote, intaneti ya waifai iliyokuwa inakwenda vizuri inaweza kukatika: kompyuta imeuamini waya. Reli ilifika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, tawi la Mwanza likamalizika 1928, na tangu hapo Tabora ni mahali pa njia kuachana. Abiria wa Kigoma akipanda behewa la Mwanza, behewa ni zima, reli ni nzima na tiketi kalipa. Ila hafiki.

Sikiliza ping inavyojibu

Ping ni programu ndogo aliyoiandika Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa chombo cha kusikilizia chini ya maji: unatoa sauti, unasubiri mwangwi. Karibu kila mtu anaijua, na karibu kila mtu huitumia kama taa ya ndiyo na hapana. Kumbe kushindwa kwake kuna lugha yake, na kila kauli inakupeleka sehemu tofauti.

Ikisema "Network is unreachable", hakuna kilichotumwa. Kompyuta yako imetazama orodha yake ya njia ikaona haina. Rudi kwenye anwani na `ip route`. Kwenda kuitikisa printa ni kupoteza muda.

Ikisema "From 192.168.1.23 icmp_seq=1 Destination Host Unreachable", soma nani anayesema. Ukikuta 192.168.1.23 ni anwani yako mwenyewe, basi kompyuta yako ndiyo inayotoa taarifa: "Nimeuliza mtaa mzima nani mwenye anwani hiyo, hakuna aliyeitika." Majirani hawatafutani kwa namba za IP peke yake, kila kadi ina anwani ya kiwandani, na lazima kwanza iulizwe kwa sauti ya wote. Andika `ip neigh` utaona daftari la majirani. Aliyeitika ana REACHABLE au STALE na anwani ya kiwandani mbele yake. Asiyeitika ana FAILED. STALE isikutishe, maana yake ni kwamba hamjasalimiana muda kidogo. FAILED kwa jirani wa mjini kwa kawaida ina maana moja kati ya tatu: kimezimwa, kimechomoka, au hakiishi tena kwenye anwani hiyo.

Ikikaa kimya mpaka mwisho ikaandika "100% packet loss", ujumbe ulitoka na mwangwi haukurudi. Hapa ndipo watu huhukumu mapema. Kimya kinaweza kuwa kifo, lakini kompyuta nyingi za Windows zinakataa ping kwa makusudi, na rauta nyingine vilevile. Tazama `ip neigh`: kama anwani ya kiwandani ipo, mtu yumo ndani, ila hafungui mlango.

Na ikisema "Temporary failure in name resolution", achana na waya, achana na lango. Kompyuta imeshindwa kugeuza jina kuwa namba. Jaribu `ping 1.1.1.1`, anwani ya nje ambayo tayari ni namba. Ikijibu, intaneti ipo na kilichokufa ni DNS, daftari la majina. `resolvectl status` itakuonyesha kompyuta inamuuliza nani. Ukifungua faili la `/etc/resolv.conf` ukakuta 127.0.0.53, usilifute kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Huyo ni karani wa ndani ya kompyuta yako, ambaye naye anawauliza wa nje.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na DNS na si DNS wala si mtandao. Kompyuta kuukuu, betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, imekufa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Kivinjari kinakataa tovuti karibu zote kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa saa ya kompyuta hiyo, bado havijaanza kutumika. Mteja atakwambia mtandao hakuna. Andika `date`.

Ngazi ya juu kabisa ni huduma yenyewe. Ping inafika lakini huduma haitoki: jaribu tundu lake (si la waya, ni namba ya mlango ambao huduma inasikilizia), kwa mfano `nc -zv 192.168.1.50 9100` kwa printa nyingi. "Connection refused" ni habari njema kiasi, umefika mlangoni na ndani hakuna anayesikiliza. Kuning'inia bila jibu kwa kawaida ni faiwoli, mlinzi anayezuia ujumbe. Kwenye Ubuntu na Mint, ambazo ni aina za Linux, anzia `sudo ufw status`. Na kabla hujapoteza mchana mzima kama nilivyopoteza mimi, uliza kama waifai unayotumia ni ile ya wageni. Rauta nyingi huwapa wageni intaneti na kuwazuia wasionane wao kwa wao wala kuiona printa. Kila kipimo cha intaneti kinatoka safi, na printa haitoki.

Kanyenye

Kompyuta ya kwanza ilikuwa na 192.168.1.23, lango 192.168.1.1. Printa ilisajiliwa humo tangu zamani kwa 192.168.1.50. Nikapiga ping: Destination Host Unreachable, na anayesema ni mimi mwenyewe. `ip neigh` ikasema FAILED. Printa imewashwa, taa ya kijani, waya umekaza. Kwa hiyo imehama. Nikabonyeza kioo chake kidogo mpaka kwenye ukurasa wa mtandao: 192.168.0.102.

Sifuri! Rauta ya mama inagawa za 1. Hiyo ya sifuri imetoka kwa nani?

Nikaenda kwenye kompyuta ya tatu, ile isiyofungua tovuti. `ip route` ikajibu `default via 192.168.0.1`. Nikapiga ping kwa 192.168.0.102, printa ikaitika papo hapo, chini ya milisekunde moja. Yaani yenye intaneti haina printa, na yenye printa haina intaneti, miji miwili juu ya meza moja.

"Mama, kuna kifaa kipya kimeletwa hapa?"

"Kipya cha nini? Hakuna." Kisha akafikiri. "Labda kile cha waifai alichofunga mjomba wao Jumamosi, ili wateja wa barazani nao wapate."

Kilikuwa nyuma ya shubaka la daftari, kinameta. Rauta ndogo, imeunganishwa na swichi kwa yale matundu yake ya kawaida, la intaneti liko tupu. Aliyeifunga alikuwa na nia njema na waifai ya barazani ilikuwa inashika. Tatizo ni kwamba rauta hiyo nayo imezaliwa na mgawaji wa anwani ndani, na tangu Jumamosi gesti ilikuwa na mapokezi mawili. Jumatatu vifaa vikaamka, vikapiga hodi, vikamkubali aliyewahi kujibu. Kompyuta mbili zikaangukia kwa mwenyeji wa zamani. Printa na kompyuta ya dirishani zikaangukia kwa mgeni, ambaye anagawa vyumba vizuri sana lakini mlango wake wa nje hauendi popote.

Matengenezo yalichukua dakika kumi na tano. Nilichomoa rauta ndogo, nikazima na kuwasha printa (sasa najua kwa nini ninazima), ikarudi kwenye namba za 1. Kwenye rauta kubwa nikaifungia printa anwani yake ya 50 kwa kutumia anwani yake ya kiwandani, ili isipewe nyingine tena. Kisha nikaingia kwenye rauta ndogo, nikaipa 192.168.1.2, nikamzima mgawaji wake, nikairudisha kwenye swichi kwa tundu lilelile la kawaida. Sasa imebaki na kazi moja, kurusha waifai barazani. Fomu zikaanza kutoka, mama akamwagiza kijana aniletee chai na chapati mbili. Kabla sijaondoka nilibandika plasta juu ya ile rauta ndogo, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: USIIGUSE.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, nikiwa Ipuli juu ya ngazi nimeshika koleo. Alikuwa yule kijana.

"Fundi, mtandao hakuna."

"Kaa kwenye kompyuta ya dirishani. Fungua terminali, andika ip, acha nafasi, route. Nisomee mstari wa kwanza."

Akasoma taratibu, namba moja moja. "Default via, mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta, sifuri, nukta, moja."

"Nani kabonyeza kile kitufe cha nyuma cha rauta ndogo, kinachoirudisha kama ilivyotoka kiwandani?"

Kimya. Nilisikia feni ikilalamika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama alisahau nywila."